Shaba Iliyokataa Kuitwa Dhahabu

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hutumiwa aghalabu kumwonya mtu asiyatazame mambo kwa juujuu, akavutiwa na sura ilhali hajui kilichomo ndani. Hata hivyo, ni nadra kwa mwenye kuitumia kujiuliza swali la pili: je, kipande cha mti kina kosa gani? Kosa, iwapo lipo, ni la mti uliopambwa, au ni la ulimi uliosema kwamba mti ule si mti? Swali hili ndilo kiini cha makala haya. Linazihusu kazi mbili zinazodhaniwa kuwa mbalimbali: alkemia, yaani elimu ya kale iliyotaka kuyageuza madini duni kuwa dhahabu, na uundaji wa vito vya kisasa, sanaa ambayo leo imepata makao hata katika vibanda vya jua kali jijini Nairobi.

Yupo binti mmoja aliyehitimu shahada ya Kiswahili katika mojawapo ya vyuo vikuu vya nchi hii, akatafuta kazi ya ualimu kwa miaka miwili asiipate, kisha akajikuta akijifunza kusubu shaba kwa fundi mzee mtaani Kibera. Jina lake si la lazima hapa, maadamu kisa chake ni cha wengi. Wenzake waliokuwa wakisubiri kuajiriwa walimcheka. Mamake, aliyeuza ng'ombe wawili ili kulipa karo, alimwuliza iwapo ng'ombe wale waliuzwa ili mwanawe akavute moshi. Swali hilo halikuwa mzaha, na binti hakuwa na jibu.

Malighafi yao ni makufuli yaliyovunjika, vichwa vya mifereji ya maji na vitasa vya milango, vyote vikinunuliwa kwa kilo kutoka kwa wauzaji wa vyuma chakavu. Vitu hivyo hukatwakatwa na kutiwa katika chungu cha kuyeyushia, nacho chungu huzikwa katika makaa yanayopulizwa kwa feni. Shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, huyeyuka kwenye joto la takribani nyuzi 900 hadi 940 za selsiasi, kutegemea kiasi cha zinki kilichomo. Kabla ya hapo fundi huwa ameandaa kalibu: mchanga laini wenye unyevu kidogo hushindiliwa ndani ya fremu mbili, kioleza cha bangili hukandamizwa katikati na kuondolewa, kisha njia nyembamba huchimbwa ili madini yapate pa kupitia. Tinkali kidogo hunyunyizwa ili kuyatenga madini na taka, na taka hizo hukokotwa juu kwa ufito wa chuma. Kisha humiminwa kwa mkono usiotetemeka, kwa maana mkono unaositasita huacha pengo ndani ya bangili. Baadaye huja zamu ya tupa, msasa na kitambaa cha kung'arishia. Ama kwa hakika, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Katika wiki yake ya pili, binti huyu aliinama juu ya chungu ili atazame madini yanavyogeuka, akakutana na moshi mweupe. Jioni ile alitetemeka kwa baridi na homa mfano wa mgonjwa wa malaria, na asubuhi akaamka mzima. Alipomweleza mwalimu wake, mzee hakushangaa.

"Hiyo ni roho ya shaba inatoka, mwanangu," alimwambia. "Usiinamie chungu. Simama upande upepo unakotoka."

"Roho, mzee?"

"Kuna kitu ndani kisichopenda kukaa. Moto ukizidi, kinaondoka."

Kitu hicho kina jina, nalo ni zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kiwango kilicho karibu mno na kile cha kuyeyuka kwa shaba yenyewe. Ndiposa sehemu yake hutoroka ikiwa mvuke, ikakutana na hewa na kuwa moshi mweupe unaowaletea wafua madini homa ya jioni. Maziwa ambayo mafundi wengi huyategemea hayamkingi mtu na mvuke huo. Kinachomkinga ni hewa safi na busara ya kusimama mbali. Lakini lililomshika binti si homa, bali ni neno. Alitaka kujua ni kwa nini fundi ambaye hakusoma kitabu cha kemia aliuita mvuke huo roho. Akarudi maktabani, mahali alipokuwa ameapa kutorudi.

Huko aligundua kwamba Jabir ibn Hayyan, mwanachuoni anayehusishwa na karne ya 8, aliyagawa maada ya ulimwengu katika makundi, na kundi mojawapo aliliita roho, yaani vile vitu ambavyo vikiguswa na moto huruka na kutoweka, kama vile zebaki na salfa. Aligundua pia kwamba maneno kemia na alkemia yametoka tumbo moja. Asili yao ni neno la Kiarabu al-kimiya, ambalo Waarabu nao walilirithi kutoka kwa Wagiriki wa Misri. Neno hilo lilipoingia Ulaya liligawanyika: moja likabaki na kitambulisho chake cha Kiarabu, al-, likasukumwa upande wa ramli na uganga, jingine likavua kitambulisho hicho, likavaa koti jeupe la maabara. Kiswahili kimeyapokea yote mawili. Fauka ya hayo, karakana ya sonara ni kamusi ndogo ya Bahari ya Hindi. Dhahabu, fedha, zebaki na kalibu ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Sonara na bangili yalivuka bahari kutoka Bara Hindi. Maneno haya yalisafiri pamoja na bidhaa zenyewe, katika zama ambapo Kilwa, mji alioutembelea Ibn Battuta mwaka wa 1331, ulitajirika kwa biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala.

Watu wengi hudhani kwamba alkemia ilizaliwa katika vichwa vya wachawi. Ushahidi wa kale unaonyesha vinginevyo: ilizaliwa kwa kiasi kikubwa katika karakana za masonara. Kuna mafunjo yaliyopatikana Thebes nchini Misri, yaliyoandikwa kwa Kigiriki yapata mwaka wa 300, na ambayo yamehifadhiwa mjini Leiden nchini Uholanzi. Ndani yake mna maelekezo kama 100 hivi: namna ya kuipa shaba rangi ya dhahabu, namna ya kuongeza uzito wa dhahabu kwa kuichanganya na madini mengine, na pia namna ya kupima iwapo madini ni safi. Aliyeandika maelekezo hayo alijua fika kwamba anaunda mwigo. Tofauti kati ya mwigo na asili ilikuwa wazi kwake. Kilichokuwa si wazi ni atakachoambiwa mnunuzi.

Yasisahaulike pia yaliyompata mtu wa kale alipoiona shaba nyekundu ikigeuka manjano. Kwa muda mrefu zinki haikujulikana na wengi kuwa madini yanayojitegemea. Wafuaji walichukua shaba nyekundu, wakaifukia pamoja na makaa na unga wa jiwe fulani lenye zinki ndani yake, wakaiweka motoni. Ilipotoka, rangi yake ilikuwa imekaribia ile ya dhahabu, na uzito wake ulikuwa umeongezeka. Ni nani ambaye angeona hayo kwa macho yake asifikiri kwamba yuko njiani kuelekea dhahabu yenyewe? Hatua moja tu ilionekana kubaki. Mafundi wa Zawar nchini India walijua kuikeneka zinki karne kadhaa kabla ya Mjerumani Andreas Marggraf kuitenga na kuieleza mwaka wa 1746, lakini ujuzi huo haukufika kila mahali. Kwa hivyo wanaalkemia hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na ushahidi, ila walikosa tafsiri yake.

Aliyewapinga mapema kwa hoja nzito alikuwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 1037. Yeye alishikilia kwamba fundi aweza kuyapa madini rangi nyingine, akaiga sura kwa ustadi mkubwa hata wajuzi wakababaika, lakini hawezi kuyabadili madini kutoka jinsi moja hadi nyingine. Kwa maneno mengine, shaba iliyopakwa rangi ni shaba. Hoja hii iliwaudhi wengi, ila ndiyo iliyomkaa binti moyoni, kwa sababu siku zile mtihani wake ulikuwa umekwisha kubisha hodi.

Mfanyabiashara mmoja kutoka katikati ya jiji alifika kibandani, akazisifu kazi zake, akaagiza jozi 200 za herini na bangili 50. Bei aliyoitaja ilikuwa maradufu ya ile ya kawaida. Sharti lilikuwa moja tu: kila kipande kiambatishwe kikaratasi kinachosema kwamba kimechovywa dhahabu. Hakukuwa na tone la dhahabu mle kibandani. "Watalii hawajui," alisema, "na hata wenyeji hawaulizi. Ukishaing'arisha hivi, nani atajua?" Binti alikuwa na deni la kodi la miezi miwili, na mamake alikuwa bado anawakumbuka ng'ombe wake.

Ombi hilo halikuwa geni katika mji huu. Nairobi imeona kesi nyingi za dhahabu bandia, ambapo wageni na wenyeji wamelipa mamilioni ya pesa kwa masanduku yaliyojaa shaba na vipande vya vyuma vilivyopakwa rangi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba uongo huo hauhitaji mwanasayansi ili kuufichua. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3, ilhali ya shaba ya manjano haizidi sana gramu 8.5. Kipande cha shaba chenye ukubwa sawa na cha dhahabu hakifikii hata nusu ya uzito wake. Mizani ya duka na ndoo ya maji ingetosha kumwokoa mnunuzi. Lakini tamaa haipendi mizani.

Wala si Nairobi pekee. Mnamo mwaka wa 1404, Uingereza ilipitisha sheria iliyoharamisha kuzidisha dhahabu na fedha kwa njia za alkemia, na sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka wa 1689. Miaka 7 baadaye, Isaac Newton, mtu aliyeandika maelfu ya kurasa kuhusu alkemia kwa siri, alipewa wadhifa katika kiwanda cha serikali cha sarafu mjini London. Huko aliwaandama waghushi wa sarafu bila huruma, na mmoja wao, William Chaloner, alinyongwa mwaka wa 1699. Mtu aliyekesha akitafuta siri ya kuyageuza madini ndiye aliyewapeleka kitanzini walioyageuza kwa hila. Huenda Newton hakuona mgongano wowote hapo. Kutafuta mabadiliko ya kweli ni jambo moja. Kuuza mabadiliko yasiyokuwapo ni jambo jingine.

Binti alimpelekea mwalimu wake shauri hilo. Mzee hakumhubiria. Aliokota kufuli bovu kutoka katika lundo, akaligeuzageuza mkononi. "Mwanangu, hili lilitupwa kwa sababu lilionekana limefunga na kumbe halikufunga," akasema. "Kodi ni yako na jina ni lako. Amua."

Wakati huo alikuwa akisoma pia habari za masonara wa Ulaya walioanza kuhoji maana ya pambo katika nusu ya pili ya karne ya 20. Mholanzi Gijs Bakker, mwaka wa 1973, alikaza waya mwembamba kwenye mwili, kisha akauondoa, akasema alama iliyobaki katika ngozi ndiyo pambo. Lakini kazi iliyomzuilia usingizi ilikuwa ya mwaka wa 1980, ya Mswisi Otto Künzli, aliyefanyia kazi zake Munich nchini Ujerumani. Künzli alichukua tufe dogo la dhahabu, akalificha ndani ya bangili nyeusi ya mpira. Mtazamaji haoni chochote isipokuwa uvimbe mdogo chini ya mpira. Jina alilolipa pambo hilo, kwa tafsiri ya Kijerumani, ni Dhahabu Hupofusha. Anayelivaa hana budi kuamini kwamba dhahabu imo. Akitaka kuhakikisha, sharti alikate na kuliharibu.

Tulinganishe sasa. Mlaghai wa Nairobi huweka rangi ya dhahabu nje na shaba ndani. Künzli aliweka mpira nje na dhahabu ndani. Kwa macho tu, wote wawili wamefunika kitu. Hata hivyo, wa kwanza amefunika ili swali lisiulizwe, na wa pili amefunika ili swali liulizwe. Mfano wa tatu uko karibu nasi zaidi. Katika makaburi ya Mapungubwe, kusini mwa mto Limpopo, palipatikana kifaru mdogo wa karne ya 13 aliyeundwa kwa mabamba membamba ya dhahabu yaliyopigiliwa kwa misumari midogo ya dhahabu juu ya umbo la mti. Mti ule umekwisha kuoza, na dhahabu imebaki na sura yake. Huyo ni mkakasi halisi, nje dhahabu na ndani kipande cha mti, na wala hakuna anayemwita fundi wake mwongo. Basi jibu la swali letu la awali linaanza kujitokeza. Mti hauna kosa. Kifuniko nacho hakina kosa. Kosa huanzia pale mnunuzi anapoondolewa haki ya kujua.

Mtu aweza kudai kwamba dhahabu halisi ingemwepusha binti na tatizo hili lote. Madai hayo yana kasoro. Katika machimbo madogo ya dhahabu, yakiwemo ya Migori, zebaki ingali inatumiwa. Huchanganywa na mchanga wa mawe yaliyosagwa ili ishikamane na chembe za dhahabu, kisha donge hilo huchomwa, zebaki ikaruka na dhahabu ikabaki. Zebaki iliyoruka ni roho ile ile ya Jabir, nayo haiendi mbinguni. Huingia katika mapafu ya mchomaji na ya watoto walio karibu, ikadhuru mishipa ya fahamu, figo na hata kiumbe kilichomo tumboni mwa mama. Kwa sababu hiyo mataifa yaliupitisha Mkataba wa Minamata mwaka wa 2013, ulioanza kutumika mwaka wa 2017. Pete ya dhahabu safi yaweza kuwa kweli tupu kwenye mizani, na bado ikanyamaza kuhusu yaliyowapata walioichimba. Anayeuliza "Je, hii ni dhahabu?" ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni "Imetoka wapi, na kwa gharama ya nani?"

Isitoshe, ndoto ya wanaalkemia imekwisha kutimizwa, na haikumtajirisha yeyote. Mwaka ule ule wa 1980, wanasayansi wa Berkeley nchini Marekani, akiwemo Glenn Seaborg, walifaulu kugeuza chembe chache za bismuthi kuwa dhahabu kwa kutumia mtambo mkubwa wa kuongeza kasi ya chembe za atomu. Gharama yake ilizidi thamani ya dhahabu hiyo kwa kiasi kisichosemeka. Kumbe jinsi ya madini yaweza kubadilika, kinyume na alivyosema Ibn Sina. Ila si kwa makaa wala kwa tinkali, na si kwa faida. Aliyenacho ni chungu na feni tu hubaki na kazi nyingine, iliyo kongwe zaidi: kukigeuza kitu kilichotupwa kiwe kitu kinachotunzwa, na kukitaja kwa jina lake.

Binti alimrudishia mfanyabiashara jibu la kukataa. Agizo likaenda kwa mwingine. Kodi ilichelewa mwezi mwingine, na mwenye nyumba hakulainishwa na habari za Ibn Sina. Alilipwa hatimaye kwa fedha za kutengeneza vipete vya mabomba, kazi isiyo na sifa wala mashairi. Katika siku hizo za dhiki ndipo alipounda bangili ambazo sasa zinajulikana kuwa zake. Haliyeyushi kufuli lote. Hukata sehemu yenye tundu la ufunguo, akaiweka ndani ya kalibu, kisha akamimina shaba iliyoyeyuka kuizunguka ili vishikamane. Bangili ikishang'arishwa hung'aa mithili ya dhahabu, lakini tundu la ufunguo liko pale pale, limeachwa na weusi wake. Kila moja huambatishwa kikaratasi chenye maneno matatu ya Kiswahili: Shaba. Awali kufuli. Wapo wanaosoma, wakairudisha mezani. Wapo wanaosoma, wakacheka, wakaivaa papo hapo. Mamake anayo moja. Hajasema lolote kuhusu ng'ombe, ila huivaa kanisani.

Kisa hiki kina fundisho kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Nasi pia tumerithi madini kutoka pwani nyingi, tukayayeyusha katika chungu kimoja, na hatuna haja ya kuona haya kwamba sonara alitoka Bara Hindi na kalibu Uarabuni. Aibu ingekuwa kuificha asili hiyo, au kulipaka neno rangi ili lipate bei lisiyostahili, kama ilivyo ada ya matangazo ya biashara na hotuba za wanasiasa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na iwapo chema kitachelewa kujiuza, kama kilivyochelewa kwa binti huyu, hilo ni suala la kodi na subira. Si sababu ya kubadilisha kikaratasi.